“Anaoga Mwenyewe?” Barua za Wazazi na Majibu

Barua nyingi nilizopokea safari hii zimetoka kwa watu wanaomsemea mtu mzima mwenye ulemavu mbele ya ofisi za malipo. Nimechagua tatu: ya mama, ya baba, na ya mdogo mtu. Mimi ni mama wa binti wa miaka 27 mwenye mtindio wa ubongo. Fomu yake ya kwanza ya utu uzima niliijaza miaka tisa iliyopita, na tangu hapo nimekaa kwenye mabenchi mengi. Majina ya waandishi nimeyaacha.

BARUA YA KWANZA

Dada, pole na kazi. Mwanangu wa kiume ametimiza miaka 19. Ana ulemavu wa akili, na kifafa kilimwanza akiwa na miaka minne. Alikuwa akipata malipo ya mtoto mwenye ulemavu mpaka alipofika umri wa mtu mzima, yakasimama. Nikaambiwa nijaze fomu upya, ile ya watu wazima. Nikajaza kwa uaminifu wangu wote. Anaweza kuvaa? Ndiyo. Anaweza kula? Ndiyo. Anaoga mwenyewe? Ndiyo, anaoga. Baada ya miezi mitatu ikaja barua kwamba hastahili kwa kuwa “anajitegemea katika shughuli nyingi za kila siku”. Dada, mtoto huyu sijawahi kumwacha peke yake nyumbani hata saa moja! Nikapiga simu. Wakasema hawawezi kuzungumza nami kwa sababu yeye ni mtu mzima, nimpe simu. Akaulizwa kama ameielewa barua, akasema ndiyo. Kila anachoulizwa na mgeni hujibu ndiyo. Simu ikaishia hapo. Mume wangu ananilaumu, anasema ningeandika kwamba hawezi lolote. Je, kumbe nilipaswa kudanganya? Na sasa nifanyeje?

JIBU

Mama mwenzangu, kabla hujamaliza kusoma jibu hili, inuka ukaitafute ile barua ya kukataliwa na uangalie tarehe. Mahali fulani, mara nyingi ukurasa wa nyuma kwa maandishi madogo, wameandika siku ulizonazo za kukata rufaa. Siku hizo hazisubiri ushahidi wako ukamilike. Andika leo mistari miwili tu: “Sikubaliani na uamuzi wa tarehe fulani, kumbukumbu namba fulani. Maelezo na ushahidi vitafuata.” Peleka nakala mbili, moja wabaki nayo, nyingine igongwe muhuri wa kupokelewa urudi nayo nyumbani. Uliza pia kama malipo yanaweza kuendelea wakati rufaa inasikilizwa. Kuna mahali ambapo mlango huo upo lakini ni mwembamba sana: Marekani, kwa mfano, mtu ambaye malipo yake yamesimamishwa kwa kuonekana hana tena ulemavu ana siku 60 za kukata rufaa, lakini akitaka malipo yasikatike njiani hana budi kuomba hivyo ndani ya siku 10 za kwanza. Na akishindwa mwishoni, fedha hizo zinaweza kudaiwa zirudishwe, kwa hiyo uliza na hilo.

Sasa rudi tukae.

Hukukosea kusema kweli. Tatizo ni kwamba uliyemweleza kwenye fomu ni mtoto pamoja na mama yake, halafu juu ukaandika jina la mtoto peke yake.

Nilijifunza hilo usiku mmoja bafuni. Fomu yangu ya kwanza nayo ilikataliwa, na barua ilikuwa bado mezani. Nami nilikuwa nimeandika “anaoga mwenyewe”. Nikasimama mlangoni mwa bafu kama kila siku, na kwa mara ya kwanza nikajisikiliza. Fungua ya baridi kwanza. Sasa ya moto, kidogo. Shika chuma. Mguu wa kushoto umeusahau. Sabuni bado ipo shingoni. Usisimame kwanza. Nilihesabu maagizo 17 kabla hajatoka na taulo lake. Mkono wangu haukumgusa hata mara moja, ndiyo maana miaka yote niliamini kabisa kwamba anaoga mwenyewe. Nilichukua kalamu nikayaandika yale maagizo yote 17 kwa mpangilio wake, nikayabandika kwenye rufaa. Ndiyo karatasi iliyosomwa kwa sauti siku ya kusikilizwa.

Maswali haya hayakutungwa na afisa wa dirishani. Yana historia, na inafaa uijue. Mwaka 1963 daktari mmoja wa Marekani, Sidney Katz, na wenzake walichapisha kipimo cha shughuli sita: kuoga, kuvaa, kwenda chooni, kutoka kitandani hadi kitini, kuzuia haja, na kula. Walikipata kwa kuwachunguza wagonjwa waliovunjika nyonga. Mwaka 1969 wataalamu wengine wawili, Lawton na Brody, wakaleta cha kwao chenye shughuli nane: kutumia simu, kufanya manunuzi, kuandaa chakula, usafi wa nyumba, kufua, kusafiri, kumeza dawa na kushika fedha. Fomu nyingi unazozijaza leo zina nasaba na vipimo hivyo. Ukijua asili yake utaona kwa nini mwanao anapotea ndani yake. Aliyevunjika nyonga anajua kuoga, ila mwili unamkatalia. Mwanao mwili unaweza. Asichojua ni kwamba maji yakianza kuunguza yafungwe, na kifafa kikimshika akiwa chini ya bomba hakuna wa kumgeuza.

Lakini sikiliza hili, maana ndilo lililonipa nguvu. Katika kipimo chenyewe cha Katz, kujitegemea maana yake ni kufanya jambo bila kusimamiwa, bila kuelekezwa, na bila kusaidiwa kwa mkono. Kusimamiwa kumetajwa. Kuelekezwa kumetajwa. Mama aliyesimama mlangoni yumo, tangu mwaka 1963.

Uingereza wamelifafanua zaidi. Kanuni za malipo yao ya ulemavu ya watu wazima zinasema kila shughuli ipimwe kwa mambo manne: anaifanya kwa usalama? Kwa kiwango kinachokubalika? Anaweza kuirudia kila inapohitajika? Anaimaliza ndani ya muda unaofaa? Likikosekana mojawapo, huhesabiwa kwamba shughuli hiyo haiwezi. Hata kama sheria ya kwenu haiyataji hayo manne, yachukue uyatumie kujaza zile nafasi za “maelezo zaidi” ambazo wazazi wengi tunaziacha tupu.

Kwa hiyo usiandike “anavaa”. Andika: “Anavaa nguo ninazompangia kitandani kwa mfuatano. Nisipompangia huvaa nyuma mbele, au huvaa shati juu ya shati. Vifungo namfungia mimi. Huchukua dakika 40.” Usiandike “anameza dawa”. Andika: “Humeza dawa za kifafa asubuhi na usiku nikiwa nimesimama mbele yake mpaka afungue mdomo nione. Mara ya mwisho nilipougua na kulala siku mbili, hakumeza, akaanguka mara mbili.” Hiyo sentensi ya mwisho, ya siku ambayo wewe hukuwepo, ina uzito kuliko kurasa kumi za majina ya magonjwa. Itafute. Kila mlezi anayo, na wengi tunaificha kwa sababu inatuuma.

Fungua daftari leo usiku. Wiki mbili zinatosha kuanzia. Andika saa, alichofanya, ulichofanya wewe, na kilichotokea pale ulipochelewa. Andika na usiku: mara ngapi umeamka kusikiliza anavyopumua. Weka tarehe za kila degedege. Ukienda kwa daktari, usimwombe tu aandike kwamba ana kifafa na ulemavu wa akili. Hayo ofisi inayo tayari. Mpe nakala ya kurasa mbili za daftari umwombe aandike mambo hayo yanamzuia kufanya nini na kwa nini si salama kumwacha peke yake. Daktari anamwona dakika chache kwa mwezi, tena siku ambayo umemwogesha na kumvalisha vizuri. Hawezi kuandika asichokiona.

Mumeo mwambie hivi, kwa upole, maana najua anaongea kwa uchungu. Kusema “hawezi lolote” kutawaangusha. Huenda ripoti ya shule inasema anaimba kwenye kwaya na anatambua rangi. Afisa akizilinganisha karatasi mbili zinazopingana, ataacha kuamini hata yale ya kweli. Siku mbaya kuliko zote usiiite kila siku. Sema: kati ya siku 30, siku 20 ni hivi, siku 10 ni vile. Uingereza hesabu inayotumika ni zaidi ya nusu ya siku za mwaka. Daftari ndilo litakalokupa idadi hiyo bila kubuni.

Kuhusu simu. Ofisi ina haki ya kutaka kuzungumza na mtu mzima mwenyewe, na siku moja utafurahi kwamba haizungumzi na yeyote anayejitaja kuwa ndugu. Unachohitaji ni kutambuliwa na ofisi hiyo kama mwakilishi wa malipo yake. Kila mfumo una karatasi yake ya jambo hili, na huwa nafasi yake haichukuliwi na karatasi nyingine. Marekani wazazi hupigwa na butwaa wakifika na hati ya uwakilishi iliyosainiwa kwa mwanasheria na kuambiwa kwamba kwa malipo ya hifadhi ya jamii haitoshi, ni lazima ofisi yenyewe imteue atakayepokea kwa niaba ya mwenye malipo. Kwa hiyo swali lako dirishani lisiwe “mbona hamzungumzi nami?” Liwe: “Ni fomu gani mnayotumia kumtambua anayemwakilisha mtu mzima kwenye malipo haya, na nyaraka gani ziambatanishwe?” Wakati hilo linashughulikiwa, mfundishe mwanao sentensi moja na muifanyie mazoezi jikoni mpaka izoeleke: “Naomba mzungumze na mama yangu, nakubali.” Ni sentensi yake, na mara nyingi inatosha kwa simu ya siku ile. Mhoji akija, mweleze mapema kwamba mwanao huitikia ndiyo kwa kila mgeni. Mwombe asimuulize maswali ya ndiyo na hapana. Amuulize: “Leo umemeza dawa gani?” “Ukisikia harufu ya moto unafanya nini?” Kisha wewe unyamaze. Unyamaze kabisa, hata kama jibu linachelewa na moyo unakudunda umsaidie. Ukimjibia, mhoji hataona chochote.

Kuna jambo hukuliuliza, nami siwezi kulipita.

Kwenye usaili wa kwanza nilikaa na binti yangu pembeni, nikaorodhesha asiyoyaweza kwa karibu saa nzima. Niliorodhesha vizuri. Afisa aliandika mpaka akabadilisha kalamu. Njiani kurudi binti hakusema neno. Usiku alifunga mlango wa bafu kwa ndani, jambo ambalo hajawahi kulifanya, nikasikia maji yakitiririka na yeye akilia. Nilikaa sakafuni upande wa nje. Hakutaka nimwelekeze chochote.

Alikuwa amesikia kila neno. Ulemavu wake haukumzuia kusikia mama yake akimwambia mtu baki kuhusu haja zake.

Tathmini iliyofuata, baada ya miaka mitatu, tuliijaza pamoja. Kila ukurasa nilimsomea kabla sijaandika, nikimweleza kwamba karatasi hii inauliza msaada tu, haiulizi yeye ni nani. Mahali pawili alikataa, akasema sivyo, nami nilipofikiri nikaona ni kweli nimepitwa na wakati: alikuwa ameshajifunza kufunga viatu vya gundi bila mimi. Nikafuta. Mwishoni palikuwa na nafasi, nikamwachia kalamu anitajie nini kiandikwe. Alitaja vitu vitatu: “Naimba. Napanga vikombe. Nywele mama.” Niliviandika hivyo hivyo. Na siku ya usaili tukaomba yale ya chooni na ya hedhi niyaeleze chumba cha pili, yeye akiwa amekubali. Walituruhusu bila ubishi. Kumbe ningeweza kuomba tangu mwanzo.

BARUA YA PILI

Mama, binti yetu ana miaka 22, ana usonji, anaongea kidogo ila anaelewa mengi. Kila nikienda ofisini naambiwa nikachukue amri ya mahakama ya kuwa mlezi wake wa kisheria, ndipo nishike fedha zake. Mwanasheria anasema inawezekana. Mke wangu anasita, anasema itakuwa kama tumemfuta. Nani yuko sahihi?
Baba wa wasichana wawili

JIBU

Baba, mkeo amegusa penyewe. Kabla hujalipa hata nauli ya kwenda mahakamani, mwombe afisa akuonyeshe kwa maandishi kanuni inayodai amri hiyo. Omba kwa heshima, na akikosa muda omba jina la kanuni ukaisome mwenyewe. Nimeona mara nyingi madai ya namna hii yanatokana na mazoea ya dirishani, na ukiuliza karatasi, unaelekezwa kwenye fomu ya kurasa mbili.

Amri ya ulezi juu ya mtu mzima ni kitu kizito. Mahali pengi ikishatolewa kwa ukamilifu wake, binti yako hasaini mkataba wala hafungui akaunti bila idhini ya mtu, na pengine hata kuolewa na kupiga kura anaweza kunyimwa. Na ninyi mlitaka tu malipo ya kila mwezi yamfikie! Uwakilishi wa malipo unahusu fedha hizo peke yake, mengine yote yanabaki mikononi mwake. Anzeni na hicho kidogo.

Dunia nayo imekuwa ikisogea upande wa mkeo. Ujerumani walifuta tangu tarehe 1 Januari 1992 utaratibu wa kumtangaza mtu mzima kuwa hana uwezo mbele ya sheria, wakaweka mahali pake msaidizi anayeteuliwa kwa mambo yanayohitajika tu. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu ulipitishwa Desemba 2006 ukaanza kutumika Mei 2008. Kifungu chake cha 12 kinasema watu wenye ulemavu wana uwezo wa kisheria sawa na wengine, na kwamba serikali iwape msaada wanaouhitaji ili wautumie. Peru walibadilisha sheria zao mwaka 2018 wakaondoa ulezi wa aina hiyo kwa sababu ya ulemavu, wakaweka wasaidizi ambao mtu huwachagua mwenyewe. Ninayataja ili usimame dirishani ukijua kwamba ombi lako la kitu chepesi zaidi lina msingi.

Kuna nyumba ambazo mahakama haikwepeki: kuna kiwanja cha kurithi kinachohitaji saini, au kuna ndugu anayemnyang'anya. Mkifika huko, ombeni amri iliyotaja mambo mahususi na yenye tarehe ya mwisho. Kifungu hicho hicho cha 12 kinataka hatua za namna hii zilingane na hali ya mtu, ziwe za muda mfupi iwezekanavyo, na zipitiwe upya mara kwa mara na chombo huru.

Fedha zikianza kuja, zisiguse akaunti yako hata siku moja. Fungua ya jina lake, nawe ukiwa mwakilishi. Weka risiti kwenye bahasha, mwezi kwa mwezi, na daftari la safu tatu: tarehe, kitu, kiasi. Siku ukiitwa kueleza utalala usingizi.

Na mpe nafasi ya kuzitumia. Binti yangu aliomba rangi ya kucha, ya zambarau. Nikakataa miezi miwili mfululizo, nikisema fedha hizi ni za mambo ya maana. Baadaye nilisoma mwongozo wa Marekani kwa wanaoshika malipo ya wengine. Umetaja chakula, makazi, mavazi, matibabu, na pia vitu vya kumstarehesha mwenyewe. Nilimnunulia. Alipaka kucha zote na nusu ya vidole, akaenda kumwonyesha kila mtu nyumbani. Nilikuwa nimezishika fedha zake kama zangu.

BARUA YA TATU

Shikamoo mama. Wazazi wangu wamezeeka. Dada yangu mkubwa ana miaka 41 na ulemavu wa akili, na mambo yake yote ya ofisini yamo kichwani mwa mama. Tunajua ipo siku nitamchukua mimi. Baba anataka kumwandikia dada fedha za kutosha kwenye wosia. Nianzie wapi?
Mdogo mtu

JIBU

Marahaba mwanangu. Umeuliza mapema, na hilo limenifurahisha, kwa sababu barua nyingi za namna hii huniandikia watu waliotoka kuzika.

Mwambie baba asisaini wosia huo kabla hajajua masharti ya malipo ya dada yako. Malipo yanayotolewa kwa kuangalia hali ya kipato huwa na kikomo cha akiba. Marekani, kwa malipo ya aina hiyo, mtu mmoja haruhusiwi kuwa na mali inayohesabiwa ya zaidi ya dola 2,000, na kiasi hicho hakijapanda tangu mwaka 1989. Urithi ukiingia moja kwa moja kwenye jina lake, malipo husimama na mara nyingine matibabu yanayoambatana nayo. Ziko njia za kuweka urithi katika amana inayosimamiwa na mtu mwingine kwa faida yake. Hilo lifanywe na mwanasheria anayejua malipo ya ulemavu, maana anayejua wosia peke yake anaweza kumharibia.

Karatasi za zamani msitupe hata moja: cheti cha kuzaliwa, ripoti ya kwanza ya daktari, ripoti za shule, barua za hospitali zilizofifia. Tena Marekani, kuna malipo ambayo mtu mzima huyapata kwa michango ya mzazi aliyestaafu, mwenye ulemavu au aliyefariki, ikiwa ulemavu wake ulianza kabla hajatimiza miaka 22. Mtu wa miaka 41 atathibitishaje ya miaka 20 iliyopita? Kwa hizo karatasi za njano zilizo chini ya kabati la mama. Zipige picha zote, kisha asili zirudi mahali pake.

Anza kwenda dirishani na mama sasa, angali na miguu ya kukusindikiza. Maafisa wakuone, jina lako liingie kwenye faili kama mbadala ikiwa inaruhusiwa. Dada yako aulizwe mbele yako kama anataka uwe wewe. Huenda anaye mwingine moyoni, binamu au jirani, na ni vizuri mkalijua leo.

Kisha kuna yale ambayo hakuna ofisi itakayokupa: jinsi mama anavyojua kwamba leo ataamka vibaya, neno analomtulizia, kwa nini kikombe kile na si kingine. Muulize dada kama anakubali wewe umsaidie usiku mmoja badala ya mama. Akikubali, simama wewe mlangoni mwa bafu. Mama akae upande wa pili wa ukuta na kalamu, asikilize, aandike kila ulichosahau kumwambia.